Ukurasa wa Kambo Orpha

Siku za Jaël zilianza na maji. Katika mtaa wao wa Kikula, mjini Likasi, bomba lilitoa maji alfajiri tu, na si kila alfajiri. Kwa hiyo aliamka kukiwa bado na giza, akabeba bidoni, dumu lake la njano, akapanga foleni, akarudi na shingo iliyokakamaa. Kisha aliwasha mbabula, lile jiko dogo la makaa, akampikia uji mdogo wake Élie, akamwosha, akamwacha mgongoni mwa mama, ndipo akakimbilia shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na darasani mara nyingi alishika kidevu kwa mkono ili kichwa kisianguke.

Baba yake, Papa Germain, alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Jaël aliona ni jambo la kuchekesha kwamba baba alishinda mahali umeme unapotoka, na nyumbani kwake umeme ulikuwa kama mgeni, unakuja bila kusema na kuondoka bila kuaga. Lakini siku hizi hata kucheka kulimchosha.

Mama yake, Maman Angèle, alisuka nywele barazani. Wateja walikaa kwenye kigoda kati ya magoti yake tangu adhuhuri hadi jua linapolegea, na kukaa muda wote huo ukitazama ukuta ni kazi. Ndiyo maana gazeti lilipendwa sana pale. Lililetwa na Papa Guy, dereva wa lori dogo lililobeba vitunguu na unga kutoka Lubumbashi. Papa Guy alilinunua yeye mwenyewe, akasoma habari za mpira wakati lori likipakiwa, kisha akampa Maman Angèle yaliyobaki. Ukurasa wa mpira haukufika hata siku moja. Aliubandika ndani ya lori, na wanaume waliopita wakiuliza matokeo waliambiwa wamfuate huko huko.

Gazeti lilikuwa la Kifaransa. Jaël alilisoma kwa macho na kulitoa kwa mdomo kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, na wateja walisema mtoto huyu iko na kichwa. Hawakujua kwamba kazi hiyo ilimchosha kuliko bidoni la maji.

Barazani palikuwa na desturi moja. Mwenye kichwa mikononi mwa Maman Angèle ndiye aliyechagua ukurasa wa kwanza kusomwa, kwa sababu yeye hawezi kuinuka aende zake. Kwa desturi hiyo Jaël alijua roho za watu wa Kikula bila kuuliza. Tantine Danielle, aliyeshona sare za shule, alipenda ukurasa wa vifo. Hakuwa na ubaya wowote. Alipenda kusikia majina ya wafiwa, nani ni shemeji wa nani, ili aone kama ukoo wake umetajwa. Walimu walitaka siasa, wakasikiliza kwa kununa. Wasichana walitaka mapishi, ingawa nyumbani walipika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kama kila mtu. Na karibu wote, baada ya kuchagua cha kwao, waliomba habari za mahakamani.

Mtu mmoja hakuchagua kamwe. Huyo alikuwa Kambo Orpha. Kambo ndivyo bibi anavyoitwa Likasi, na Orpha alikuwa kambo wa mtaa mzima. Alinyoa nywele zake tangu mumewe afariki, hivyo hakuwa na sababu ya kukaa kwenye kigoda. Alikaa kwenye benchi la pembeni, mikono mapajani, akingojea wengine wamalize, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama matangazo madogo yana kitu.

Kila mtu alijua anachongojea. Kambo Orpha alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ukungu ulianza kidogo kidogo, na sasa aliona mtu kama kivuli nyuma ya pazia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu bichi, kwa sababu alishika mbabula akidhani ni sufuria. Mpwa wake aliyeishi Kolwezi alikuwa ameshasema kwamba kabla ya mvua atakuja kumchukua na kuifunga nyumba. Kambo hakutaka. Nyumba ile aliijenga na mumewe, na alitaka kufia humo akijipikia mwenyewe. Nesi wa kituo cha afya alimwambia kwamba madaktari wa macho hupita mara moja moja katika hospitali ya misheni, kule Kapolowe, wakapasua bila malipo. Siku wakija watatangaza gazetini na redioni. Redio ya Kambo ilitegemea umeme, kwa hiyo ilibaki gazeti, na gazeti lilikuwa Jaël.

Mwanzoni Jaël alimsomea matangazo yote. Yalikuwa na herufi ndogo kama mchanga, na hakuna aliyecheka wala kuguna yalipokuwa yakisomwa. Wateja walianza kuzungumza mambo yao. Kiwanja kinauzwa, kadi ya mpiga kura imepotea, mbwa ametoroka. Jaël akaanza kuona kwamba ule si ukurasa hasa, ni mabaki. Siku moja koo lilikauka, akaruka mistari michache, na hakuna lililotokea. Siku nyingine akaruka nusu. Baadaye akawa anatazama tu kichwa cha ukurasa.

Jumatano moja Élie alikuwa ameshinda na homa, na Jaël alikuwa amemshika tangu usiku. Mchana ule kigodani alikaa Tantine Émérence, muuza makayabu, samaki wa chumvi, wa sokoni, mwanamke wa kicheko kikubwa. Alitaka mahakamani. Kesi ilikuwa ya mwanamume aliyegombana na mkewe, akaenda kwa wakwe akachukua mbuzi aliyemtoa mahari. Shida ni kwamba mbuzi alikuwa amekwisha zaa, na wakwe walidai watoto ni wao.

Baraza likawa mahakama. Mmoja alisema watoto hufuata mama. Mwingine alisema mahari haina kurudi nyuma. Émérence, kichwa kikiwa kimevutwa upande, akatoa hukumu yake kwamba watoto ni wa yule aliyekata majani.

"Hata kama kwa sheria ni wa bwana?" Maman Angèle alimuuliza.

"Bwana alikata majani gani? Alikata maneno tu," Émérence akajibu. "Jaël, rudia pale hakimu aliuliza mbuzi iko wapi."

Jaël alirudia, halafu akarudia tena, kwa sababu mteja mwingine alikuja akakuta wenzake wanacheka. Alipomaliza, herufi zilikuwa zinatembea mbele ya macho yake.

"Na matangazo, mutoto yangu?" Kambo Orpha akauliza kutoka kwenye benchi.

Jaël aligeuza ukurasa wa mwisho. Alishusha macho juu ya zile safu za herufi ndogo, hakusoma hata neno.

"Leo hakuna kitu, Kambo. Viwanja tu, na kadi zilizopotea."

Kambo alishukuru kama siku zote, akashika ukuta, akaenda kwake.

Gazeti likishasomwa lilikuwa na kazi ya pili. Siku iliyofuata Maman Angèle alilitandaza chini ya kigoda ili lishike nywele zinazokatika. Alhamisi jioni, mteja wa mwisho alipoondoka, Jaël alipiga magoti kulikunja. Kati ya mafundo ya nywele aliona neno Kapolowe. Akapangusa nywele kwa kidole, akasoma. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya misheni. Wenye mtoto wa jicho waje kuandikishwa. Mwisho ni Ijumaa asubuhi.

Alisoma tena akitumaini Ijumaa itakuwa nyingine. Ilikuwa kesho.

Mbabula ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, makaa yake yakiwa mekundu. Nywele na gazeti kila jioni vilichomwa pamoja. Angetupa tu, kama kawaida, na hakuna ambaye angeuliza. Alijiambia kwamba madaktari watarudi mwaka ujao. Alijiambia pia kwamba akisema, kesho ataamka mapema zaidi, na mwili wake ulikuwa unataka kitu kimoja tu duniani, nao ni mkeka. Alikaa pale magotini, gazeti mkononi, hajui ni kwa muda gani. Upande wa pili wa ukuta Kambo Orpha alikuwa anapika. Kifuniko kilianguka. Kisha ikasikika mikono yake ikikitafuta sakafuni, ikipapasa hapa na pale, polepole, bila haraka, kama mtu ambaye amezoea.

Jaël aliinuka akaenda kwa mama yake.

Maman Angèle alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, vidole vimekunjika kwa kusuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Jaël alingoja makelele, hayakuja. Mama alifumba macho tu.

"Ni mara ngapi ulifanya hivyo?"

"Mara nyingi, Mama."

"Basi nenda umwambie. Weye, hapana minye. Minye naenda kumtafuta Papa Guy, kesho anashuka Lubumbashi, atawapitisha Kapolowe."

Njia ya kwenda kwa Kambo ilikuwa fupi sana. Jaël aliiona ndefu. Alimkuta Kambo ameketi kando ya jiko, akisonga bukari. Alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Kambo aliacha kusonga.

"Ulisema ni viwanja."

"Nilidanganya, Kambo. Sikusoma kitu."

Mwiko ulikaa ndani ya sufuria. Jaël alitaka atukanwe, angalau angejua pa kusimama. Lakini Kambo alisema tu, "Nisomee sasa. Yote. Usiache hata neno."

Jaël akasoma, tangu jina la hospitali hadi saa ya kufungua lango. Hapo Kambo akaomba ampe ile khanga nene iliyo juu ya sanduku, na bakuli, na sabuni. Akaanza kufunga mzigo wake kwa kupapasa. Juu ya uongo hakusema chochote, na hilo ndilo lililomlemea Jaël kuliko yote.

Asubuhi Maman Angèle alibaki na Élie, ambaye homa yake ilikuwa imepungua, naye Jaël akapanda lori la Papa Guy pamoja na Kambo. Huko shule mama aliahidi kueleza. Barabara ilijaa malori ya madini yaliyotambaa moja nyuma ya jingine, na Papa Guy hakuweza kuyapita. Alipiga kiganja kwenye usukani, akasema leo hata kobe angetupita na kutuaga. Kambo hakucheka. Mbele yao, pale kwenye kioo, ukurasa wa mpira ulitikisika kwa upepo. Papa Guy aliacha njia kuu akawafikisha hadi lango la hospitali, akaahidi kuwapitia kesho akirudi. Jua lilikuwa limeshapanda.

Kwenye ukumbi wa hospitali watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na sakafuni. Mezani alikaa nesi mwanamume, jina lake Ruphin, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwaambia bila kuinua kichwa kwamba nafasi zimeisha.

"Tulichelewa, baba," Kambo alisema kwa upole. "Gazeti lilichelewa kutufikia kule Likasi."

Nesi alishusha kalamu. Alisema kwamba tangu asubuhi kila aliyechelewa amelaumu gazeti, gari au mvua, na mvua yenyewe haijanyesha.

Jaël aliona aibu ikipanda mpaka masikioni. Kambo alikuwa anadanganya kwa ajili yake. Mwanamke aliyeibiwa alikuwa anamficha mwizi. Alikuwa mtoto wa kuogopa kusema mbele ya watu, hata darasani, na ukumbi mzima ulikuwa unasikia. Alitazama meza, wala si nesi.

"Gazeti halikuchelewa, Papa. Lilifika Jumatano. Kambo aliniuliza kama kuna tangazo, nikamwambia hakuna, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusoma. Kosa ni langu, si lake."

Nesi Ruphin alimwangalia Jaël, kisha akaliangalia lile kovu kwenye mkono wa Kambo.

"Muntu wa kwanza leo kuniambia kweli, na ni mutoto," alisema. Akavuta pumzi. "Sina nafasi. Lakini kuna walioandikishwa, na baadaye huogopa kisu. Kaeni hapa, karibu na mlango. Asiyeitika nikimwita, nafasi yake nitampa bibi yako. Siwaahidi kitu."

Wakakaa. Kukaa huko kulikuwa kama hakuna mwisho. Walioitwa waliitika wote. Mzee mmoja kwenye benchi, aliyekuwa zamani fundi wa kiwanda cha umeme cha Koni, alisikia kwamba mtoto huyu husoma, akauliza kama ana gazeti. Juu ya meza ya nesi kulikuwa na la jana. Nesi alimpa.

Jaël alilifungua, akawauliza wanataka nini. Mzee wa Koni alitaka bei ya shaba, ingawa hakuwa na hata waya wa kuuza. Mama mmoja alitaka vifo. Kijana mwenye jicho moja bovu alitaka mpira, na gazeti hili, ajabu, lilikuwa na ukurasa wake. Wengine walitaka mbuzi na wakwe, kwa kuwa kesi ilikuwa inaendelea. Jaël alisoma kila kitu. Alipofika matangazo madogo, mtu mmoja alisema hayo aruke. Palepale mwanamke aliyekaa sakafuni akamwomba asiruke, kwa sababu kaka yake amepotea na huenda ametajwa. Jaël alisoma viwanja, kadi na mbwa, moja moja. Kaka hakutajwa. Mwanamke alishukuru hata hivyo, akasema leo atalala akijua kwamba hakuna, si akidhani. Jaël alikumbuka ni mara ngapi Kambo Orpha alikuwa amelala akidhani.

Saa nane ilipita. Nesi Ruphin aliita jina la mtu, akaliita tena. Mwenye jina alikuwa ameonekana akitoka langoni, kofia mkononi, akitembea upesi. Nesi alingoja kidogo, akageukia benchi la karibu na mlango.

"Bibi wa Likasi. Ingia."

Kambo Orpha alisimama. Mkono wake ulimtafuta Jaël, ukamshika begani kwa nguvu, kisha ukamwachia.

Kesho yake asubuhi, katika chumba kilichonukia dawa, daktari aliondoa bendeji kwenye jicho la kulia. La kushoto lingefanywa safari nyingine, na Kambo alikuwa amekwisha andikishwa. Jicho lilikuwa jekundu na lilitoa machozi. Kambo alipepesa. Alitazama dirisha, mikono yake mwenyewe, kovu lake, na mwishowe akamtazama Jaël aliyekuwa ameegemea mlango. Alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba anamsoma.

"Kumbe ndivyo unavyochoka," alisema.

Jaël alisogea karibu naye.

"Minye nilikuwa nasikia sauti tu. Sauti yako ilikuwa muzuri, nikadhani na mwili ni hivyo hivyo. Sikuyaona macho haya."

Walipokuwa wakingoja lori langoni, Kambo alimketisha karibu naye, akamwambia neno ambalo hakulisema kule jikoni. Hakulisema kwa ukali.

"Sikiliza. Siku umechoka, sema nimechoka. Ningengoja kesho, au ningeita mtoto mwingine. Kuchoka si kosa, na mama yako pia nitamwambia hivyo, maana hata sisi wakubwa tulikubebesha kupita kiasi. Lakini ulisema hakuna kitu, na kitu kilikuwepo. Muntu anayesomea wengine, macho yake si yake peke yake. Émérence anapenda mahakama, Danielle anapenda vifo, kila mtu na ukurasa wake. Ukurasa ambao weye unaona ni bure, kwa mwingine ndio gazeti lote."

"Ndiyo, Kambo. Nisamehe."

"Nilikusamehe jana, pale mezani."

Lori lilifika limejaa vitunguu. Papa Guy alishuka, akasimama mbele ya Kambo, akamuuliza anaona vidole vingapi. Kambo akamjibu kwamba haoni haja ya vidole, anaona shati ambalo halijafuliwa. Papa Guy alicheka mpaka akashika mlango.

Njiani malori ya madini yalikuwa bado yanatambaa. Jaël alijaribu kukaa wima, kwa sababu alikuwa amepewa kazi ya kumwangalia mgonjwa, lakini kichwa kilianguka, akakiinua, kikaanguka tena. Kambo Orpha alimvuta taratibu mpaka kichwa kikatulia begani mwake, akamfunika kwa khanga.

"Lala, mutoto yangu," alisema. "Njia nitaiangalia minye."